Mninga tuuache kwenye kaunta

Ukuta wa kwanza wa mbao niliouweka dukani kwangu ulidumu miezi minne tu. Tuliupiga mwezi wa Aprili, mvua zikiwa ukingoni, kwa mbao za msonobari zilizoteremshwa kwenye lori siku tatu kabla. Ulipendeza kwelikweli. Rangi ya asali changa, harufu ya utomvu imejaa duka zima, na wateja waliokuja kutazama vitenge walianza kwa kuupapasa ukuta. Ilipofika Agosti, ncha ya kidole changu cha mwisho ilikuwa inaingia kati ya ubao na ubao. Nilichukua rula nikapima: milimita nane. Ulimi wa kila ubao ulikuwa umechomoka kwenye mfereji wa mwenzake, na lipu inachungulia kama bitana kwenye nguo iliyofumuka mshono.

Aliyeniuzia aliniapia kwamba zimekauka. Sikuwa na namna ya kuhakikisha, au ndivyo nilivyodhani wakati ule.

Siku hizi karibu kila anayefungua duka hapa Tabora, kuanzia pembeni mwa Soko Kuu hadi Kanyenye na Cheyo, anataka walau ukuta mmoja wa mbao, ule ulio nyuma ya kaunta. Jambo hilo linanifurahisha. Mji wetu umezungukwa na miombo, na ingesikitisha maduka yote yabaki na vigae vyeupe vitupu. Lakini mazungumzo ninayoyasikia huanzia na kuishia kwenye swali moja, mbao gani inapendeza, na jibu huwa liko tayari mdomoni: mninga. Mimi nasema hapana. Mninga uende pale mkono unapogusa. Ukuta upewe msonobari, mradi uwe umekauka sawasawa. Nitaanza na ukavu, maana hapo ndipo pesa yangu ilipopotelea.

Ubao unapokauka haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Unapungua upana. Msonobari mbichi hubeba maji ambayo uzito wake unaweza kuzidi hata uzito wa mbao yenyewe ikishakauka, na ubao wa inchi sita ukipigwa mbichi unaweza kupoteza karibu sentimita nzima ya upana. Sasa fikiria hali ya hewa yetu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hewa ni nzito; kuanzia Mei mpaka Oktoba inakauka hadi midomo inapasuka. Ubao uliopigwa ukutani Aprili utaendelea kutoa maji miezi yote hiyo, na vanishi haiuzuii, inauchelewesha tu. Misumari imeushika huku na huku, kwa hiyo ama utaachana na mwenzake kama wangu, ama utapasuka katikati.

Fundi aliyekuja kunisaidia mara ya pili ni mzee wa Ng'ambo aliyeshika randa tangu ujana wake. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Binti yangu, mbao haikauki kwa kuambiwa." Kisha akanifundisha jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa fedha nyingi. Unachukua ubao mmoja katika mzigo wako, unakata kipande cha futi moja kutoka katikati, si mwishoni, kwa sababu mwishoni hukauka haraka na patakudanganya. Miisho miwili ya kipande unaipaka rangi ya mafuta ili maji yatoke pembeni tu, kama yatokavyo kwenye ubao mzima. Halafu unakipima uzito kila wiki.

Jirani yangu anauza mchele na maharage, ana mzani wa kidijitali. Kila Jumamosi asubuhi kabla hajafungua gunia la kwanza nilikuwa nampelekea kipande changu. Mwisho wa Mei, mwaka uliofuata, kilikuwa na gramu 780. Wiki iliyofuata 715. Kikaendelea kushuka, mwanzoni kwa kasi, baadaye kidogokidogo, hadi wiki mbili mfululizo kikasoma 538. Hapo ndipo mzee alipokubali kutoa randa kwenye mkoba wake. Muda wote huo mbao zilikuwa zimepangwa stoo, kila safu imetenganishwa na vijiti vya unene mmoja vilivyonyooka mstari mmoja juu ya mwingine, na mawe mazito juu zisijipinde. Ni zaidi ya miezi miwili ya kusubiri. Najua kodi ya fremu haisubiri, lakini duka linaweza kufunguliwa na ukuta wa rangi, mbao zikaja baadaye. Wateja hawatakukimbia.

Tena mzee hakuzibana kabisa. Tulizipiga Agosti, zikiwa kavu kuliko zitakavyokuwa Januari, kwa hiyo kila ulimi ulipoingia kwenye mfereji aliacha nafasi ya unene wa kadi mbili za benki. Mvua zilipokuja mbao zilivimba zikajaa nafasi yake. Bila nafasi hiyo zingesukumana mpaka ukuta utoke tumbo.

Sasa mninga. Sisi watu wa Tabora tunaupenda, na sababu tunazo. Ni mti wa porini kwetu, unatoka Sikonge, Urambo, Kaliua. Ukiukata, utomvu wake mwekundu unatoka kama damu. Mbao yake ikikauka haichezi sana misimu inapobadilika, inapokea randa bila kubishana, na moyo wake mchwa huuonea tabu. Kwa sifa hizo, mninga ungefaa ukutani kuliko msonobari. Sipingi. Ninachopinga ni kuutumia mahali ambapo sifa zake hazina kazi.

Ukuta wa nyuma ya kaunta hauguswi na mtu. Hauchubuliwi, haulowi, haubebi uzito zaidi ya rafu chache. Kuutandaza mninga futi themanini za mraba hapo ni sawa na kuvaa kitenge cha harusi kwenda kuteka maji. Msonobari tunaupanda: shamba la Sao Hill kule Mufindi linavunwa na kupandwa tena, na mti uliopasuliwa leo ulipandwa na mtu aliyekusudia upasuliwe. Mninga hakuna aliyetupandia. Ulio mkubwa wa kutoa mbao umekaa porini miongo mingi, na tukishaukata hatutauona tena mahali pale maishani mwetu. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliiweka mininga ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa lazima idhibitiwe. Hilo halimkatazi mtu wa Tabora kununua ubao wa mninga mjini kwake, lakini linatueleza ni kitu cha aina gani tunachokipigilia misumari ukutani ili kiwe pambo.

Kwenye kaunta habari ni nyingine kabisa. Kaunta yangu kila siku inapigwa na mita ya chuma, inaburuzwa mkasi, inalazwa mitandio na vitenge, inaegemewa na viwiko vya akina mama wanaopatana bei. Msonobari ni mlaini, ukucha tu unaacha alama. Nilipoweka mninga hapo, ubao mmoja mpana wenye unene wa inchi mbili, nililipa bei ambayo ingeninunulia mbao kadhaa za ukutani, na sijutii hata senti. Pale wateja wanapoweka mikono, mafuta ya ngozi yameupa mng'ao ambao vanishi haiwezi kuutoa. Wazee nao walifanya hivyo. Ukienda tembe la Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, utaona mbao ya kuchongwa iko mlangoni, mahali ambapo kila mgeni lazima apite na aguse. Kuta zimebaki udongo.

Ukinunua mninga, popote, tafuta alama ya nyundo ya misitu iliyogongwa kwenye mbao na umwombe muuzaji akuonyeshe hati ya kusafirishia. Mwenye mzigo halali hakasiriki ukimuuliza.

Sababu yangu ya pili ya kuukataa mninga ukutani ni mwanga, na hii naona watu hawaizingatii kabisa. Fremu nyingi hapa mjini zina mlango mmoja mbele na giza nyuma. Mbao nyekundu iliyoiva hunywa mwanga, na kile kidogo inachokirudisha kinakuwa na wekundu. Kwangu mimi ninayeuza rangi, huo ni msiba. Mteja anashika kitenge cha samawati ndani, kinaonekana kama zambarau, anakwenda nacho nje juani kukihakiki, na akirudi ameshapunguza imani na duka zima. Msonobari wangu tuliupaka rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa sana, ukapakwa na kufutwa kwa kitambaa papo hapo, mishipa ya mbao ikabaki inaonekana, kisha vanishi isiyong'aa. Ile inayong'aa usiiweke ukutani. Taa yako yote itarudi machoni mwa mteja. Na msonobari usiopakwa chochote cheupe utageuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda, lijue hilo kabla hujachagua rangi ya rafu.

Kuna hesabu ndogo inayostahili karatasi kabla ya kwenda kununua. Sehemu ya mbao ya ukuta wangu ni futi kumi kwa upana na futi nane kwenda juu. Ubao wa inchi moja kwa sita, ukishapigwa randa na kutolewa ulimi, unafunika inchi tano. Mbao zinazouzwa hapa nyingi ni za futi kumi na mbili. Ukizilaza, unahitaji mbao 20, na kila moja inakuachia kipande cha futi mbili cha kuwashia moto. Ukizisimamisha, unahitaji safu 24 za futi nane. Kila ubao unatoa safu moja kamili na kipande cha futi nne, na vipande viwili vya futi nne vinafanya safu nyingine. Mbao 16 zinatosha, hakuna kinachobaki. Kiungo kinaangukia futi nne kutoka chini, palepale rafu yangu ya kwanza inapopita, kwa hiyo hakuna anayekiona. Nilinunua 18, mbili za akiba kwa zenye vifundo vilivyooza. Zaidi ya hapo, mbao zilizosimama hazihifadhi vumbi kwenye mifereji, na mtu aliyewahi kufagia duka la Tabora mwezi wa Septemba ananielewa.

Mbao zilizosimama zinahitaji papi, zile mbao nyembamba zinazotangulia kupigwa ukutani, zilizolala nyuma yake. Usizifunge papi kutoka kona hadi kona. Acha pengo la vidole viwili kila baada ya futi tatu hivi ili hewa ipande. Ukuta wa tofali hupumua unyevu, hasa masika, na ubao uliobanwa moja kwa moja kwenye lipu utaota ukungu mgongoni miezi mingi kabla hujauona usoni.

Adui mkubwa wa uamuzi wangu ni mchwa, lazima niseme wazi. Wanaupenda msonobari, na wanapanda kutoka ardhini kwa vile vijia vyao vya udongo, nyuma ya mbao, gizani, bila kelele. Ukigundua, ubao umebaki ganda. Kwa hiyo papi zangu zote ni zile zilizotiwa dawa, na hakuna mbao inayogusa sakafu: chini tuliacha inchi nne tukapiga safu ya vigae, jambo ambalo pia linaziokoa na maji ya kudekia. Kisha ubao mmoja wa kona haukupigwa msumari wala kuingizwa ulimi, umefungwa kwa skrubu nne tu. Kila baada ya miezi mitatu naufungua, naingiza tochi, natazama juu na chini. Kazi ya dakika kumi. Huo ubao wa kona ndio ningemsisitizia mtu kuliko kitu kingine chochote kwenye ukuta huu. Nyaya za umeme nazo zipite ndani ya mabomba, na kiungo chochote kiwe kwenye boksi linalofikika kwa mbele. Cheche nyuma ya mbao kavu haina wa kuiona mpaka imekuwa moto.

Kuhusu vile vibao vya plastiki vyenye picha ya mbao, kwa bucha na saluni nakubali, vinaoshwa na maji vikaisha. MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi, ni nzuri kupaka rangi, lakini ikinywa maji inavimba na hairudi. Ile yenye mifereji ya kuning'iniza ndoano, kama haina chuma ndani ya mfereji, usiiwekee bidhaa nzito. Sina mengi zaidi hapo.

Yule jirani yangu wa mchele ameshawishika. Mbao zake zimefika wiki iliyopita, zimepangwa juu ya vijiti nyuma ya magunia, na tayari alikuwa amemwita fundi aanze Jumatatu. Nilimwomba anikatie kipande cha futi moja kutoka katikati. Sasa mzani ni wake mwenyewe, hana hata haja ya kutoka nje. Siku ya kwanza kimesoma gramu 742, leo asubuhi 731. Fundi ameambiwa asubiri.