Niacheni Nitembee

Ukiwa mwanafunzi Ulaya na kwenu ni Mwanza, kuna picha unazoruhusiwa kupiga na kuna picha za kukuletea kesi. Picha ya maktaba inaruhusiwa. Picha ya theluji, ule mwaka wa kwanza, inaruhusiwa pia. Lakini picha umesimama juu ya daraja la mji usiosoma, begi mgongoni, meno yote nje, hiyo ni kesi. Kabla ya magharibi kundi la WhatsApp la ukoo litakuwa limeshatoa hukumu: "Kumbe hela za kutembea zipo!" Na mzee mmoja atagonga muhuri kwa methali: mtembezi hula miguu yake.

Mimi nakataa. Kutembea kwa mwanafunzi aliyeko ughaibuni ni sehemu ya masomo yake, na kwangu mimi ndiyo sehemu iliyonifundisha Mwanza yenyewe. Fani yangu ningeweza kuisomea hata chuoni Nyegezi, hapahapa Mwanza.

Hasira ya nyumbani naielewa inakotoka. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havimtozi ada hata mgeni. Unalipa mchango mdogo wa muhula, basi. Ukisikia hivyo unadhani umeula. Kumbe viza haitoki mpaka uthibitishe kwamba una fedha za kujikimu mwaka mzima, na njia ya kawaida ni kuziweka kwenye akaunti maalumu ambayo huwezi kuigusa mpaka ufike. Kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30, na ukishafika unaachiwa euro 992 kwa mwezi. Kwetu kiliitishwa kikao kama cha harusi. Kulikuwa na daftari la michango, mweka hazina mwenye roho ngumu, na wale wa kutoa ahadi wakazima simu. Shangazi aliuza ng'ombe. Sasa mtu aliyeuza ng'ombe ana haki ya kuuliza ng'ombe wake yuko wapi, na akimwona yuko darajani anapigwa picha, lazima roho imuume.

Ila kuna hesabu ambayo kundi la ukoo haliijui. Mei 2023 Ujerumani ilianzisha tiketi ya mwezi ya euro 49, na wanafunzi wa jimbo la Bavaria mwaka huohuo wakaipata kwa 29. Unapanda nayo mabasi ya mijini na treni zote za mikoa, nchi nzima, isipokuwa zile za mwendo kasi. Maana yake tiketi inayokupeleka darasani Jumatatu ndiyo inayokufikisha Berlin Jumamosi, alimradi uko tayari kushinda kutwa nzima ukibadilisha treni. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani nacho kinakuruhusu kuingia nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, bila viza nyingine. Mayai ya kuchemsha na chapati nilibeba kama abiria wa basi la Dar. Malazi ni sakafu ya Mtanzania mwenzangu yeyote aliyekosea akapokea simu.

Mji niliosomea ni Würzburg, hukohuko Bavaria. Huo na Mwanza ni miji dada tangu 1966. Nimekulia Igoma, nimesoma hapahapa jijini, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyewahi kulitaja hilo. Nimelijua kwa bibi mmoja sokoni, kulekule, aliyeniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Tanzania sehemu gani? Mwanza. Akaanza kunihadithia habari za Hospitali ya Bugando kana kwamba mgeni ni mimi.

Vijana wa kule wanakuja kwetu, na karibuni sana. Serikali yao ina programu ya kujitolea, weltwärts, iliyoanza 2008, inayowapeleka vijana nchi kama yetu kwa miezi kadhaa, mara nyingi mwaka mzima. Wanafundisha, wanasaidia hospitalini, mwisho wa wiki wanavuka kwenda Ukerewe, likizo wanakwenda Serengeti na Zanzibar. Hakuna anayewaambia kwamba mtembezi hula miguu yake. Tunawapikia pilau. Baadaye programu hiyo iliongezewa upande wa kuwapeleka vijana wetu kwao, lakini upande huo ni mdogo. Mjerumani anayekuja kutembea analipa dola 50, viza anapewa hata uwanja wa ndege. Mimi ningetaka kwenda Ulaya kwa matembezi tu, ada ya viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudi hata ukinyimwa, na hapo bado barua za mwaliko, taarifa za benki na nauli ya kwenda Dar es Salaam kupeleka makaratasi. Kijana wa Würzburg akija Mwanza, anajifunza dunia. Mimi nikienda Würzburg, natafuta maisha. Afisa wa dirishani anaamini hivyo, na shangazi anaamini hivyo. Watu wawili wasiojuana, wamekubaliana kuhusu mimi.

(Hata ukishaingia, dunia inakukumbusha. Kwenye mpaka mmoja, polisi waliingia behewani wakapita viti vyote wakaja kwangu kuomba karatasi. Zilikuwa sawa. Jirani yangu wa kiti ndiye aliyeona aibu kuliko mimi, akanipa tufaha.)

Berlin nilikwenda kwa ajili ya vibao vya mitaa, jambo ambalo wenzangu darasani waliliona la ajabu. Katika mtaa wa Neukölln kulikuwa na barabara yenye jina la Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza vita dhidi ya upinzani wa Pwani, ambavyo mwishoni mwake Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889. Tangu 2021 barabara hiyo inaitwa Lucy Lameck, mwanamama wetu wa Kilimanjaro, wa kwanza kuwa waziri mdogo katika serikali ya Nyerere. Upande mwingine wa jiji, mwaka 2024, kipande cha barabara iliyowahi kumtukuza Carl Peters, mwasisi wa koloni la Wajerumani kwetu, kilipewa jina la Maji Maji. Nilisimama chini ya vile vibao nikafikiria jiwe letu, lile linalopigwa picha na kila mgeni anayeshuka Mwanza, lililoko kwenye kadi na matangazo ya jiji. Jina lake Bismarck. Mwenyekiti wa Mkutano wa Berlin bado yuko majini kwetu, na tunamfanyia matangazo bure, wakati wenyewe huko kwao wameshaanza kung'oa vibao. Sijasikia mjadala wa maana kuhusu hilo hapa jijini. Ningekaa Würzburg na vitabu vyangu, nisingejiuliza.

Halafu Tampere. Hapo ndipo kesi yangu ilipokuwa kubwa, kwa sababu Finland ni mbali, ni ghali, na hakuna ndugu hata wa kusingizia. Nilikwenda kwa kuwa nao ni mji rafiki wa Mwanza, na nilishaona haya kutojua undugu wetu.

Tampere umekaa kati ya maziwa mawili. La juu ni Näsijärvi, la chini ni Pyhäjärvi, na maji yanateremka mita 18 kutoka moja hadi jingine katikati ya mji, kwa mto mfupi wa maporomoko unaoitwa Tammerkoski. Nguvu ya maji hayo ndiyo iliyojenga mji. Mwaka 1820 Mskoti mmoja, James Finlayson, alianzisha karakana pale, ikaja kuwa kiwanda cha pamba, na kikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa katika nchi za Kaskazini. Mwaka 1882 kiliwashwa taa za umeme, kabla ya mahali pengine popote katika nchi hizo. Leo majengo yale ya matofali mekundu yamejaa ofisi, migahawa, sinema na makumbusho. Hawakuyabomoa, wala hawakuyaachia popo.

Mtu wa Usukuma hawezi kupita hapo bila kusimama. Nchi isiyoota mche hata mmoja wa pamba ilijenga mji mzima kwa pamba. Sisi tuna mashamba kutoka Magu hadi Bariadi, tulikuwa na Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ya kina Paul Bomani tangu 1955, tukawa na Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, na bado sehemu kubwa ya pamba yetu inatoka nchini ikiwa marobota. Sababu ni nyingi, na nyingine nimezisoma darasani kwa majedwali. Ila jedwali halikuweki ukutani mwa kiwanda ukasikia maporomoko yakinguruma ndipo ukaelewa kwa nini kiwanda kilikaa hapo.

Ziwa nalo. Watu wa Tampere wanatoka kwenye joto la sauna wanajitosa Näsijärvi, hata majira ya baridi, kwenye tundu lililokatwa katika barafu. Mimi mtoto wa Mwanza niliyefundishwa kuogopa kichocho nilibaki ukingoni nimeshika taulo. Wenyeji wakaniambia ziwa hilo liliwahi kuchafuliwa vibaya na viwanda vya mbao na karatasi, likasafishwa kwa sheria na kwa fedha za walipa kodi. Huwa tunazungumza kuhusu magugumaji yetu kana kwamba yameletwa na Mungu.

Picha ya Tampere niliituma kwenye kundi la ukoo nikijua kitakachofuata. Kikafuata. Usiku baba mkubwa akanipigia. Yeye alikuwa fundi Mwatex enzi zile, na ndiye mwenye ile methali ya miguu. Nikamsalimia, nikakaa tayari kusemwa.

"Mwanangu, hilo jengo jekundu nyuma yako ni la nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Na pamba walikuwa wanaitoa wapi?"

Nikamwambia zamani nyingi ilitoka kusini mwa Marekani, kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa, ikapelekwa Ulaya kwa meli. Akasema "eeh", ile eeh ndefu. Tukaingia kwenye nyuzi, kwenye upana wa kitambaa, kwenye turbini, jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika zamu ya usiku wakabaki gizani na nyuzi zimekatika. Sijawahi kuongea na baba mkubwa muda mrefu namna ile. Mwisho akanitaka nikirudi tena Tampere nimwangalizie mashine za kusokota zilitengenezwa na kampuni gani, na kama kuna hata moja iliyobaki ya kuonekana. Nauli, akasema, nijitafutie mwenyewe.