Mbuzi ya Shangazi

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa takwimu nchini Marekani nilipoalikwa kwenye warsha ya watafiti wa algoriti za kihisabati za kutambua hatari, iliyofanyika katika hoteli moja karibu na Washington. Nilifika hapo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, kwa kuwa nilikuwa ninarudi kutoka likizo Tanga, mkononi nikiwa na bango la utafiti wangu na begani mfuko wenye mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mama alimpelekea wifi yake, yaani shangazi yangu anayeishi Maryland. Mama aliiviringisha kwa khanga, akaikaza kwa lile fundo lake ambalo hata mimi mwanawe sijawahi kulifungua bila kutumia meno.

Utafiti wangu ulihusu njia ya majumlisho limbikizi, iliyochapishwa na E. S. Page mwaka 1954 kwa ajili ya ukaguzi wa bidhaa viwandani, na ambayo siku hizi hutumika hata kuvizia milipuko ya magonjwa. Wazo lake ni jepesi kuliko jina lake: dalili moja ndogo haitoshi kupiga kengele, lakini ukizijumlisha dalili moja baada ya nyingine, na kurudi kwenye sifuri kila zinapoyeyuka, ikiwa mambo yamebadilika kweli jumla itavuka kizingiti, na hapo ndipo unapiga ukelele.

Kabla ya chakula cha mchana tulitolewa nje sote, kwa sababu umeonekana mfuko nyuma ya nguzo usio na mwenyewe. Mabingwa wa kutambua hatari walikuwa wameupita asubuhi nzima. Aliyeutambua ni mama mfanya usafi.

Nje kulikuwa na baridi kali, nami badala ya kunyamaza nikaanza kumsomesha profesa mmoja mzee. Nilimweleza kwamba hata chombo kinachonasa mifuko mibaya 99 katika kila 100, na kukosea mfuko 1 tu katika kila mizuri 100, kikipewa mifuko 100,000 ambayo mbaya ni 1, kitapiga kengele za bure karibu 1,000. Kwa hiyo, kwa kanuni ya Bayes, ile ya kupima uwezekano wa jambo baada ya kuona dalili, mfuko ule bila shaka ni wa mzembe fulani asiye na akili. Neno "mzembe" nililirudia mara tatu.

Kisha dalili zikaanza kulimbikizana. Mlinzi alisema mfuko wenyewe ni wa kahawia. Mifuko ya kahawia ni mingi, sikushtuka. Akasema ndani mna kitu kilichoviringishwa kwa kitambaa chenye maandishi ya lugha asiyoijua. Hapo nikalihisi bega langu kuwa jepesi kupita kiasi. Aliposema kwamba kuna chuma chenye meno kinachochungulia, kizingiti kilivukwa.

Niliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlinzi akaniuliza mfukoni mna nini, na Kiingereza changu chote cha miaka minne kikanitoroka, nikatafsiri neno nililokuwa nalo kichwani kama lilivyo: nikamwambia mna mnyama yule alaye majani na kulia "mee". Akauliza kama yuko hai. Nikajibu kwamba la, ni wa mti, ana meno ya chuma, na mtu humtumia kwa kumkalia. Akarudi nyuma hatua mbili, akataka kujua kitambaa kimeandikwa nini. Hapo, naapa, nilitafsiri kwa usahihi kamili: "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu."

Tulikaa nje dakika 40 zaidi.

Alasiri nilisimama kando ya bango langu nikitamani kuwa mfupi kuliko nilivyo. Profesa yule alikuja, akalisoma lote kwa utulivu, kisha akauliza swali moja tu: hicho kizingiti changu hukiweka juu kiasi gani hasa?

Usiku shangazi aliupokea mzigo wake, akaugeuza mara moja tu chini ya taa.

"Mwanangu," akasema, "fundo hili si la wifi yangu. Nani ameifungua mbuzi yangu?"