Dawa ya mbwa imeisha TENA!

Jamani wenye mbwa wa kifafa, nyie mnaishije? Mbwa wangu anameza fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, kila baada ya saa 12, ukiikatisha ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu, sasa naambiwa "imeisha, jaribu wiki ijayo", kwani kifafa nacho kitasubiri wiki ijayo? Nimezunguka maduka ya dawa mpaka soli zimelika! Dawa yenyewe hata binadamu wanaitumia, ikiadimika tu mnyama anakuwa wa mwisho kwenye foleni, na wenye paka wa kisukari na insulini yao ndo hivyohivyo. Jana usiku nimekaa naye sakafuni anatetemeka, miguu inapiga vigae, povu mdomoni, kichupa cha vidonge kitupu pembeni. Yeye hana roho?