Dawa za Ukimwi na Pande Mbili za Utandawazi

Mwaka 2000, aliyetaka kutumia mseto wa dawa tatu za kufubaza virusi vya Ukimwi alihitaji kati ya dola 10,000 na 15,000 za Marekani kwa mwaka. Mseto huo ulikuwa umethibitika tangu 1996, na Ulaya na Marekani vifo vilikuwa vimeshuka kwa kasi, ilhali huku kwetu, Kagera, Nyanza na Rakai, watu waliendelea kuzikwa kana kwamba dawa hiyo haijagunduliwa. Leo mseto unaotumika zaidi barani Afrika, kidonge kimoja kwa siku, hununuliwa na Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria kwa chini ya dola 45 kwa mgonjwa kwa mwaka, bei iliyotangazwa mwaka 2023. Wanaosema kwamba utandawazi umeokoa afya ya umma katika nchi zinazoendelea hutaja dawa hizi, na wanaosema kwamba umeihujumu hutaja dawa hizi hizi. Kila upande una ushahidi wa kutosha kiasi kwamba haifai kuupuuza.

Tuanze na mashtaka. Tarehe 1 Januari 1995 ulianza kutumika mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, unaowataka wanachama walinde hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza alichovumbua, kwa miaka 20, dawa zikiwemo. Kabla yake kila nchi ilijiamulia. India, kwa sheria yake ya 1970, ilitoa hataza kwa njia ya kutengeneza dawa tu, si kwa dawa yenyewe, na kwa mwanya huo viwanda vyake vikajifunza kuzalisha dawa hizo hizo kwa njia nyingine na kwa gharama ndogo. Mkataba ulikuja kuufunga mwanya huo, na India ikatakiwa kutii ilipofika 2005. Afrika Kusini ilipopitisha sheria mwaka 1997 ili kuagiza dawa za bei nafuu, kampuni za dawa ziliipeleka serikali hiyo mahakamani Pretoria, na wakati kesi ikiendelea mgonjwa wa kawaida hakuwa na pa kukimbilia.

Kweli, nchi maskini kabisa zilipewa nafuu. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi 2033. Lakini ruhusa ya kutengeneza haimsaidii sana asiye na kiwanda, na leseni ya lazima, yaani serikali kuruhusu dawa izalishwe bila ridhaa ya mwenye hataza, ilikuwa imefungwa hasa kwa soko la ndani la nchi inayozalisha. Mwaka 2003 wanachama walikubaliana kulegeza sharti hilo. Rwanda ikawa nchi ya kwanza kuijaribu njia hiyo mwaka 2007, ikiagiza dawa kutoka Kanada. Shehena ya kwanza ilifika mwaka 2008. Utaratibu unaoifanya wizara ya afya ingoje zaidi ya mwaka mzima kupata vidonge vinavyoweza kutengenezwa kwa wiki chache haukuandikwa na mtu aliyemfikiria mgonjwa.

Sasa utetezi, ambao nauona una nguvu zaidi kuliko wakosoaji wengi wanavyokubali. Bei haikushuka kwa kuufunga mlango wa biashara. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai, chini ya Yusuf Hamied, ilijitolea kuuza mseto kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na ofa hiyo ilikuwa utandawazi mtupu: kiwanda cha India, wanunuzi wa Ulaya, wagonjwa wa Afrika. Wanaharakati wa Afrika Kusini nao walipata sauti iliyosikika London na New York, na Aprili 2001 kampuni zikaiondoa kesi ya Pretoria. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria ya mali ya viwandani iliyofungua njia ya kuagiza dawa nafuu, na mwezi Novemba, mjini Doha, mawaziri wa biashara walitamka kwamba mkataba wa hataza hauzuii nchi kulinda afya ya watu wake. Fedha zikafuata: Mfuko wa Dunia mwaka 2002, na mpango mkubwa wa Marekani wa Ukimwi mwaka 2003. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki ambayo ingeweza kuufuma mnyororo huo peke yake.

Hata hivyo, ukiuchunguza ushindi huo utaona umesimama juu ya nini. Dawa za kwanza zilikuwa nafuu kwa sababu mwanya wa India ulikuwa bado wazi. Dolutegravir, iliyo kiini cha kidonge cha leo, ilipata bei nafuu kwa leseni ambayo mwenye hataza aliitoa mwaka 2014. Yaani tumetoka kwenye haki iliyomo katika sheria ya nchi, tukaingia kwenye ridhaa ya kampuni. Lenacapavir, sindano ya kuzuia maambukizi inayochomwa mara mbili kwa mwaka, inalionyesha jambo hilo waziwazi. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake na wasichana 2,134 waliipata, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kampuni ya Gilead iliipangia nchini Marekani bei inayozidi dola 28,000 kwa mwaka, ila Oktoba 2024 ilitoa leseni kwa viwanda sita kuzihudumia nchi 120. Haki itendeke: leseni hizo zilitolewa hata kabla dawa haijaidhinishwa kwa kazi hiyo, na miaka ya tisini hilo halikuwazika. Utafiti ni ghali, na bila matumaini ya faida huenda sindano hiyo isingekuwapo. Lakini Brazili haimo katika orodha ya nchi hizo, na aliyeamua ni kampuni.

Ndiyo maana siamini kwamba swali ni kufungua au kufunga milango. Swali ni nani anashika funguo, na hapo lawama haziishii Geneva, makao ya Shirika la Biashara Duniani. Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti za serikali. Nchi zilizofikia kiwango hicho na kukidumisha ni chache mno. Tuliziacha dawa za Ukimwi mikononi mwa wafadhili, hivi kwamba Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki zilitikisika kwa amri iliyotiwa saini mbali nasi. Aliyeumia kwanza ni yule yule ambaye hata dawa ikiwa ya bure hulazimika kuhesabu nauli ya kuifuata: mkulima wa kijijini, mama anayefanya kibarua.

Dalili ya njia nyingine ipo. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulinunua kwa mara ya kwanza kidonge hicho cha mseto kutoka kiwanda cha Afrika, Universal Corporation cha Kikuyu nchini Kenya, kwa ajili ya wagonjwa wa Msumbiji. Kiwanda hicho hakitadumu kwa agizo moja la mfadhili. Kinahitaji Nairobi, Dodoma na Kampala ziagize kwake kwa fedha za bajeti zao, mwaka baada ya mwaka, hata pale shehena ya Asia itakapokuwa na bei ya chini kidogo.