Kinyota cha Kwenye Kalenda

Kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu akiamua kwenda kutembea haendi hivi hivi. Nilichora jedwali. Safari ya Unguja, siku mbili na usiku mmoja, watu watatu: mimi, mke wangu na mama mkwe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Jedwali lilikuwa na mistari 19. Mke wangu alilisoma hadi mwisho akaniuliza, "Hii ni ratiba ya kutalii au ya harusi?" Mistari 11 ilikuwa ya kula.

Wengine huenda Zanzibar kufuata fukwe. Mimi nilikuwa nimesimuliwa urojo na mfanyakazi mwenzangu, na alivyokuwa akisimulia alikuwa anafumba macho. Basi niliandika: "Saa 6:10 mchana, urojo wenye bajia, kachori na mishikaki. Saa 6:40, kuupumzisha urojo. Saa 7:00, Ngome Kongwe. Saa 7:15, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi." Ngome iliyojengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 niliipa dakika 15, picha zikiwa humo humo. Pweza wa Forodhani nilimpa saa nzima.

Na siku yenyewe sikuiokota. Nilipanga tuingie mjini asubuhi ya Idi, mfungo umekwisha, kila jiko linafuka, watoto wamejaa viwanja vya Mnazi Mmoja na nguo mpya. Kalenda yetu ya ukutani, tuliyopewa bure na duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa imeandika sikukuu hiyo kwa wino mwekundu, na pembeni yake kuna kinyota. Nilidhani ni pambo.

Jirani yetu pale Dodoma ni mzee wa Kondoa mwenye duka la rejareja. Nilimwonesha jedwali ili anisifu. Alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole.

"Mwanangu, mwezi umeshaandama?"

"Bado wiki tatu, mzee."

"Na hii karatasi umeiandika kwa penseli?"

"Hapana mzee, nimeichapa."

"Haya," akasema, akanirudishia.

Usiku wa mwezi 29 Ramadhani ulitukuta Dar es Salaam kwa shemeji yangu, mizigo imefungwa. Redio ikatangaza: mwezi haujaonekana, Waislamu wakamilishe siku 30. Sebule nzima ikanigeukia kana kwamba mwezi nimeuficha mimi. Kwenye simu nilikuwa na picha ya ile kalenda. Nikaivuta kwa vidole viwili mpaka chini kabisa ya ukurasa, na hapo, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kinyota kilikuwa kimeeleza maana yake: itategemea kuandama kwa mwezi.

Tiketi za boti zilikuwa zimelipwa, kwenda na kurudi. Nikasimama kama mwenyekiti. "Zanzibar ni mji wa watalii. Wazungu wanaingia kila siku. Wanakula wapi?" Hakuna aliyenijibu. Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni, akaomba sufuria. Nikamfuata.

"Mama, hayo mayai ni ya nini?"

"Ya kuchemsha, baba."

Alfajiri nikaamua kuweka akiba. Karibu na bandari kuna mama lishe aliyekuwa ameshaanika pazia lake, na nyuma ya pazia nikapiga supu ya utumbo, chapati tatu na chai ya rangi vikombe viwili. Nilihesabu kwamba kwa mzigo ule nafika magharibi bila deni. Kitu ambacho sikukiingiza kwenye hesabu ni kusi. Upepo ulikuwa umeshageuka, na boti ilipotoka nje ya bandari ikaanza kupanda na kushuka kama punda wa mtu mwingine. Wahudumu wakapita wakigawa mifuko. Nikapokea, nikashukuru, nikadhani ni ya kutilia maganda ya karanga.

Safari ni kama saa mbili. Katika nusu ya kwanza nilirudisha supu. Katika nusu ya pili nilirudisha chapati, moja moja, kwa mpangilio ule ule nilioziingiza, na mwishoni nadhani ilitoka na pilau ya harusi ya mwaka jana. Mama mkwe, asiyewahi kuona bahari, alilala usingizi mzito, kikapu chake cha mayai mapajani.

Nyumba yetu ya wageni ilikuwa ndani ya kichochoro cha Malindi, mlango wa nakshi, ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia mnazi. Mwenyeji alikuwa mama wa makamo, uso wa bashasha. Alichukua kitambulisho changu aandike daftarini. Sasa, mimi jina langu ni la nabii, na ni wale manabii tunaochangia, Waislamu na sisi Wakristo. Akalisoma, akatabasamu.

"Karibuni, karibuni. Poleni na bahari. Mmefunga?"

Hadi leo sijui ni nani aliyejibu. Mimi nilikuwa nimepanga kusema hapana. Lakini mama wa watu alikuwa amesimama pale na funga yake ya siku 30, midomo imemkauka, ananitazama kwa upole, na haya zikanishika.

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Tumefunga."

Mke wangu akanitazama. Mama mkwe akatazama boriti za dari.

"Mashaallah! Na safari yote hii! Mbona msafiri karuhusiwa kula, akalipa siku nyengine? Nyinyi mmejikaza kweli. Basi leo mtafuturu kwangu." Kisha akaita msichana, akamwambia aondoe ile sinia. Nilikuwa sijaiona. Ilipita mbele ya pua yangu: birika la chai ya maziwa, mkate wa kumimina umekatwa vipande vinene, ndizi, mayai ya kukaanga. "Nilikuwa nshawatayarishia," akasema, "lakini maadamu mmefunga..."

Kwa hiyo mwezi haukuandama, na mimi, ambaye hata Mwislamu mwenyewe angeruhusiwa, nikajifungisha.

Mama mkwe akasema magoti yanamuuma, atapumzika. Tukatoka wawili. Mji Mkongwe ni mji wa kupotea. Vichochoro vinakuchukua, vinakuzungusha, vinakutema pale pale ulipoanzia, ila sasa una kiu. Ngome Kongwe, niliyoipa dakika 15, tulikaa saa moja na nusu, kwa sababu ndani kuna kivuli na hakuna kinachonukia. Kutoka hapo ni hatua chache hadi Nyumba ya Maajabu, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883 na ambayo upande wake uliporomoka Desemba 2020. Imezungushiwa mabati. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Tulielewana.

Kanisa Kuu la Mkunazini ndipo mahali pekee siku ile tumbo langu lilipojinyamazia. Limejengwa juu ya lililokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Chini ya jengo la jirani kuna vyumba vya dari fupi ambamo unaoneshwa walipokuwa wakijazwa watu. Ukitoka humo hutamki neno njaa. Nilitamka baada ya kama nusu saa.

Saa 7 mke wangu akasema anakwenda kumwangalia mama. Nikamsifu kwa moyo wa huruma, nikaendelea peke yangu, na hapo nikafanya kosa la kukatiza soko la Darajani. Mtu mwenye njaa asipite Darajani siku ya kuamkia Idi. Mji mzima ulikuwa pale unanunua: nyama, nazi, tende, iliki inayopimwa kwa kijiko, mdalasini unaokusubiri kwenye kona, kina mama wanabishania bei ya kuku kwa lafudhi tamu hadi unatamani huyo kuku uwe wewe. Hakuna anayetia kitu mdomoni. Chakula kimezagaa kila mahali na wote wanakigusa tu na kukifunga kwenye mifuko. Nilihesabu mikungu ya ndizi. Mhasibu akikosa la kufanya huhesabu.

Ilikuwa inakaribia saa 10 nilipoliona pazia. Hoteli ndogo, milango nusu, pazia zito la kijani, na chini yake, kama ushahidi wa mahakamani, viatu vinne vya Wazungu vikitikiswa na miguu iliyoshiba. Vijiko vinagonga sahani. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikanyoosha mkono, nikashika ncha ya pazia.

Adhana ya alasiri ikalia.

Na mkono ukanishika wa kwangu. Mzee wa kanzu nyeupe, amenyanyuka barazani. "Siko huko, mwanangu, huko hoteli. Msikiti huku. Njoo, njoo, tutachelewa." Akanikokota. Mzee yule alikuwa mwepesi, na mimi sikuwa na nguvu za kushindana. Tukapinda kona mbili, tukafika kwenye bomba za kutawadhia, na nikajikuta nimeshavua kiatu kimoja kabla akili haijanirudia.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee, mimi ni Mkristo."

Akaacha maji yatiririke. "Sasa si ungesema? Ulikuwa unataka kuingia kula?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuingia?"

"Nimefunga."

Akafunga bomba kabisa. "Umefunga?"

"Nimesema kwa mwenyeji wangu kwamba nimefunga."

Mzee alianza kucheka taratibu, kwa mabega, kisha ikabidi ashike ukuta. "Mwanangu," akasema akijifuta macho, "mie nafunga tokea mdogo, nimewaona watu wa kila namna. Aliyefungishwa na haya ndo nakuona wewe. Vaa kiatu chako, nenda ukale, dhambi zako nyengine utaziungama kwenu." Akaingia kuswali, mabega bado yanacheza.

Nilirudi mbio. Nilipotea mara moja tu. Pazia lilikuwa limekunjwa, viti viko juu ya meza vichwa chini, kijana anapiga deki.

"Tushafunga, kaka," akasema.

"Hata mimi," nikamjibu, nikageuka.

Njiani nikakumbuka mayai. Mayai sita, yamechemshwa, yamo kwenye kikapu cha mama mkwe! Sijapata kupanda ngazi za namna ile kwa kasi ile. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani anajipepea.

"Mama, shikamoo. Yale mayai..."

"Nimempa mwenye nyumba, baba. Kwetu mtu haingii kwa watu mikono mitupu."

Nikalala kifudifudi nikisubiri jua.

Jua la Unguja siku ile halikuwa na haraka. Lakini lilizama, mwadhini akaadhini, na mbele yetu kikatandikwa mkeka: tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, sambusa, kaimati zinazong'aa shira, na bakuli la mchuzi ambamo yalielea mayai sita. Niliyatambua. Sikusubiri kukaribishwa mara ya pili. Nilikula kama mtu anayelipwa kwa kipande, na nilipoinua kichwa kuvuta pumzi nikaona mama mkwe ameshika tende moja tu, anaizungusha. Mke wangu hana hata tende.

"Mama, kula. Umeshinda njaa."

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini?"

Bi Mkubwa akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Yeye ndiye aliyejibu. "Wali wa nazi na samaki wa kukaanga, mchana. Na mwanawe kaja saa saba kumsaidia. Mama kaniambia asubuhi ile ile ulipokwenda kunawa uso. Kasema, 'Dada, mkwe wangu huyu ni Mlutheri, tena mzee wa kanisa. Hapo hajafunga, kakwama.'"

"Na wewe Bi Mkubwa hukuniambia?"

"Mie ni nani, baba, nimkatishe mtu ibada yake?"

Walicheka wote watatu, na msichana wa sinia alicheka kutoka jikoni, nami nikaongeza mhogo maana hilo ndilo nililokuwa naliweza. Bi Mkubwa akanimiminia uji mwingine, akanituliza. "Basi usijali. Kesho ndo skukuu, thelathini zimetimia, hakuna tena kusubiri mwezi. Asubuhi boko boko, mchana pilau na biriani, jioni halua na kahawa. Utakula mpaka uombe msamaha."

Mkono wangu wenye sambusa ukasimama hewani. Nikalitoa jedwali mfukoni. Lilikuwa limelowa jasho, lakini mstari wa 19 ulisomeka vizuri, kwa sababu niliuchapa kwa herufi nene: siku ya pili, saa 1:00 asubuhi, boti ya kurudi. Imelipwa.

Asubuhi tulishuka Malindi tukiburuta mabegi. Takbira zilikuwa zinatoka misikitini pande zote, na mji mzima ulikuwa unakuja mbele yetu: watoto wenye nguo mpya na miwani ya plastiki, tayari kwenda kudai mkono wa Idi, kina baba wananukia udi. Kila mmoja anatupisha kwa adabu na kutuuliza mbona tunaondoka. Mke wangu alikuwa anawaelekeza kwangu.

Bi Mkubwa alitukimbilia hadi langoni na bakuli lililofungwa kwa kanga, akampa mama mkwe. Boko boko ya moto, na samli juu.

Boti ilipotoka tu, ikaanza tena mambo yake ya punda. Mhudumu akapita na mifuko. Safari hii nilichukua miwili. Pembeni yangu mama mkwe akafungua kanga, mvuke wa nyama na ngano ukapanda, akanitazama vizuri jinsi nilivyokuwa nimegeuka rangi.

"Baba, ratiba inasemaje hapa?"

Nikafumbua jicho moja, nikasoma. "Kutazama bahari."

"Basi tazama, baba," akasema, akaanza kutafuta kijiko.