Sikugombana na profesa, nilimjibu tu

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya mshkaji wangu, eti nimetolewa nje ya TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza wa Wamarekani, kwa kumtukana profesa, naomba mnisikilize na mimi. Sikutolewa nje na walinzi. Walinzi hawakuwepo. Na sijamtukana profesa yeyote, profesa mwenyewe ni rekodi. Nilitamka neno moja, ndani ya chumba cha mtihani, hedifoni zikiwa masikioni. Basi.

Mliofanya TOEFL ya kabla ya Januari 2026 mnaijua ile insha ya kusoma na kusikiliza. Ambao hamkuifanya: kompyuta ilikuwa inakuletea andiko la maneno kama 230 hadi 300, unalisoma kwa dakika 3. Ndani yake kuna hoja tatu. Dakika zikiisha andiko linapotea, anaingia mhadhiri sikioni, anazibomoa zile hoja moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule, kwa muda wa kama dakika 2. Anasikika mara moja tu. Akishapita kapita. Kisha andiko linarudi kwenye skrini, mhadhiri harudi, na unapewa dakika 20 ueleze kasema nini na amempinga vipi mwandishi. Maoni yako hakuna aliyeyaomba. Nilikuwa nalijua hilo vizuri sana. Nimewafundisha watu watatu, na mmoja wao ndiye mwenye voisi.

Mada siitaji, kuna masharti ya siri tuliyakubali kabla ya kuanza. Tufanye ilikuwa uzio wa mizinga ya nyuki wa kuzuia tembo wasiingie mashambani. Na baba mdogo wangu, ambaye ni mtu wa kweli, tumfanye mfuga nyuki. (Samahani baba mdogo, nimekubadilishia kazi.)

Mwanzo nilikuwa mtaalamu, jamani. Karatasi ya rafu nikaichora mstari, si katikati bali karibu na ukingo wa kushoto, kwa sababu andiko litarudi na halihitaji nafasi. Kushoto nikaweka maneno makuu tu: 1 tembo wanakimbia, 2 asali ni pesa, 3 maua yanachavushwa. Kulia nikamwachia mhadhiri uwanja mzima, maana alama ziko kwake. Ukiandika insha tamu ya andiko peke yake, umeandika bure.

Mhadhiri akaanza. Sauti ya upole, ya mtu aliyelala vizuri. Akasema hoja zote tatu hazina mashiko. Sawa, nilimtarajia. Akaingia ya kwanza: kiangazi kikikaza nyuki wanahama, mizinga inabaki mitupu, na tembo naye si mjinga, anapita. Nikaandika "ukame, mizinga mitupu". Vizuri kabisa. Ila mkono ukiandika, kichwa kilikuwa kimeshafika kwa baba mdogo, ambaye mizinga yake haijawahi kuwa mitupu, na ambaye ukimwambia hivyo atakuchukulia fimbo.

Nikasema, "Muongo!"

Sasa nisikilizeni. Ukiwa umevaa hedifoni hujui sauti yako imefika wapi. Mimi niliona nimenong'ona. Mshkaji, aliyekaa viti viwili kutoka kwangu, anasema hata kiyoyozi kilinyamaza. Nilichokiona mimi ni vichwa. Kimoja kikageuka, cha pili, kisha dada msimamizi akainuka kule mbele, taratibu, akaweka kalamu mezani kwanza. Ile kalamu ndiyo iliyonimaliza. Mtu anayeweka kalamu kwanza hana haraka na wewe.

Alikuwa anakuja, na profesa alikuwa anaendelea. Nilimsikia akisema "Second". Dada akafika, midomo yake ikacheza. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao hakuna kitabu kinachokuonya: nikainua hedifoni upande mmoja. Adabu za nyumbani, mkubwa akisema nawe unaacha kazi.

"Kaka, kuna tatizo?"

"Hapana dada, samahani."

"Nimesikia umesema mtu ni muongo."

"Siyo wewe, dada."

"Sasa nani?"

Wewe ungejibu nini? Nikanyoosha kidole kwenye skrini. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya mwanamume wa makamo ametulia. Dada akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema "sawa kaka" kwa ile sauti ya kumwambia mgonjwa. Nikarudisha hedifoni. Sikio likapokea "...the price." Halafu "Finally."

Hoja ya pili nzima kwenye karatasi yangu ni neno "bei". Bei ya nini, imepanda au imeshuka, sijui mpaka leo.

Ya tatu niliidaka: nyuki anaruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, kwa hiyo hakuna uhakika kwamba anachavusha mazao ya mwenye mzinga. Dakika 20 zikaanza kuhesabu. Utangulizi sentensi mbili, aya ya kwanza safi, aya ya tatu safi, na katikati shimo. Mtu mwenye akili angeandika sentensi moja ya uangalifu, kwamba mhadhiri anaitilia shaka hoja ya kipato kwa kugusia bei, akasonga mbele. Kukosa hoja moja kubwa ya mhadhiri kulikuwa kunakushusha kwenye 3 kati ya 5, na 3 si kifo.

Mimi nikamwingiza baba mdogo.

Na Kiingereza cha baba mdogo ni kipi? Nikaandika "my small father". Nikaitazama. Nikafuta. "My younger father." Huyo naye ni nani, kanizaa akiwa shule ya msingi? Nikafuta. "Uncle" nikaikataa kwa sababu kwangu uncle ni mjomba, na mjomba wangu hana hata kuku. Hapo zimepita dakika 4, msidhani natania. Mwisho nikaweka uncle, mjomba anisamehe, nikamweleza baba mdogo na mizinga yake na uaminifu wake kwa maneno 61. Kihesabu maneno kilisoma 218, yaani urefu uleule ninaowahimiza watu, kati ya 150 na 225. Zaidi ya robo yake ni ukoo wetu.

Kazi iliyofuata ni ile ya dakika 10, maneno yasiyopungua 100, ambapo sasa ndiyo wanakuomba maoni na mifano yako mwenyewe. Baba mdogo alitakiwa awe huko. Nikaona aibu kumtaja mara mbili, nikaandika kuhusu "watu wengi".

Matokeo bado. Nje nilimkuta mshkaji anacheka ameshika ukuta, na kabla sijafika kituo cha daladala voisi ilikuwa kwenye magrupu matatu. Mnaoniambia nirudie: kuanzia Januari 2026 mtihani umebadilishwa na insha hii imeondolewa, kwa hiyo mbinu zangu zote sasa ni za makumbusho.

Jana usiku baba mdogo kapiga simu. Voisi imemfikia kijijini. Nilidhani atanigombeza.

"Nasikia umenitaja huko kwa Wamarekani."

"Ndiyo baba, samahani."

"Samahani ya nini? Waulize wanataka madebe mangapi ya..." tuseme asali.