Nilivyokomeshwa na Koma Ahero

Wale mliopokea sauti ya rafiki yangu Otieno ya dakika saba kuhusu Jumamosi, futeni. Si kwamba amedanganya sana. Amedanganya mahali pamoja tu: sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ya moshi, na jikoni kulikuwa upande wangu. Mengine yote ni kweli, na kwa kuwa yameshafika hadi kwenye kundi la chama cha mama yangu, acha nisimulie mwenyewe mwenye kidonda.

Mnajua Jumamosi tulikuwa tunapeleka ayie, ile bahasha ya kwanza ya posa kwa Waluo, kwa kina mchumba wangu Achieng', Ahero, karibu na Kisumu. Mnajua pia baba yake (nimwite Mzee Okoth, jina si lake, msinitafutie kesi) alifundisha Kiingereza miaka 34. Mtu mwenye akili angeenda na adabu zake na Kiswahili chake, lugha ambayo Waluo wao na Wabukusu sisi tunakutana humo bila kuumizana. Mimi nikaona nimfurahishe mzee kwa hotuba ya Kiingereza. Tena iliyochapwa. Nakala 40, kila mgeni na yake.

Niliiandika vizuri, haki. Balaa lilianzia saiba, yaani duka la kompyuta na kuchapisha, pale Kondele, Kisumu. Hotuba ilijaza ukurasa mmoja ikamwaga "Thank you" ukurasa wa pili. Ukurasa mmoja shilingi 10. Mara 40, mia nne. Dada wa saiba akanitazama, nami nikamtazama. Nikaanza kupunguza. Nikatoa "very" tatu, mstari haukurudi. Nikatoa "humbly", wapi. Ndipo nikaona koma mbili zimekaa tu pale juu, moja kabla ya Achieng' na moja baada yake, hazina kazi, kama wale wageni wa arusi ambao hakuna upande unaowajua. Nikazing'oa. "Thank you" ikaruka juu kama swala. Nikatoka saiba nikijiona mhasibu.

Sentensi iliyobaki ndiyo hii, muione kwa macho yenu:

"My fiancée Achieng' and my friend, Otieno, have led me to the home of a Mr. Okoth."

Mlioisoma mkapita, karibuni, sisi ni ndugu. Mlioshika kichwa, nyinyi ndio mliokuwa mnamkumbusha mwalimu kwamba hajakusanya madaftari.

Kuhusu hiyo "a", nijitetee kidogo. Shuleni tuliambiwa kitu kikitajwa mara ya kwanza kipewe "a", mara ya pili kipewe "the". A dog, the dog. Hakuna aliyetuambia kama baba mkwe amo kwenye sheria hiyo au la. Basi aya ya kwanza akawa "a Mr. Okoth", na aya ya tatu, nilipokuwa nashukuru, akawa "the Mr. Okoth". Nilijipongeza kwa kutosahau.

Twende hemani sasa. Mjomba wangu alisema yake, bahasha ikaenda ilikotakiwa kwenda, shangazi yangu aliyeolewa Mumias akaweka kikapu chake chini pamoja na jogoo aliyefungwa miguu. Nikasimama, nikasoma. Sauti haikutetemeka. Nilipofika "Thank you" vigelegele vikapigwa, hata na watu ambao hawakuelewa neno. Nikaanza kukaa.

Makalio yangu yalikuwa vidole viwili juu ya kiti cha plastiki niliposikia, "Kijana, usikae."

Jamani. Jaribuni kubaki hapo katikati mkiwa mmevaa suti ya kuazima.

Mzee alipapasa miwani kifuani. Imefungwa na kamba ya kiatu. Akapulizia kioo cha kwanza, akakifuta kwa tai. Akapulizia cha pili, akakifuta. Akarudi cha kwanza. Kisha mkono ukaingia mfuko wa shati ukatoka na biro nyekundu. Niulize tu, mtu amestaafu, yuko nyumbani kwake, Jumamosi, biro nyekundu ni ya nini? Akaibonyeza. Hema zima lilisikia ule mlio.

"Una wachumba wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

"Karatasi yako inasema wengi."

Mahali fulani nyuma mtu alikuwa anafungua soda, akaacha nusu. Shemeji yangu mdogo alikuwa anapakua samaki, akaganda na ngege juu ya upawa, mkia unaning'inia, mchuzi unadondoka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Tone. Tone. Nilihesabu matone manne, kwa sababu kitu kingine cha kutazama kilikuwa uso wa Achieng' kwenye dirisha la jikoni.

"Soma hapa," mzee akasema, akigonga karatasi. "Umesema 'my fiancée', halafu jina, bila koma. Jina likikaa hivyo kazi yake ni kuchagua. Mchumba yupi? Huyu Achieng', si wale wengine. Ukilizungushia koma linakuwa limekuja kuongeza habari tu. Hata ukilifuta hatupotei, mchumba tunayemjua ni mmoja." Akageuza shingo polepole kama feni kuukuu hadi akamfikia Otieno. "Lakini huyu umempa koma zote mbili. Kwa hiyo una wachumba wengi, na rafiki ni mmoja tu duniani."

Yule rafiki yangu mmoja duniani akacheka mpaka akashika kiti cha jirani.

(Kwa Kiswahili ukisema "mchumba wangu Achieng'", nani atakaa akuhesabie? Nilikuwa na lugha nzima isiyo na mtego huo, nikaiacha nyumbani.)

Mzee akainamia nakala yake. "Kwa hiyo, koma hapa." Biro ikashuka. "Na koma hapa!"

Shangazi ana sikio moja zima, na lilikuwa upande wa barabara. Alichokipata katika somo lote ni neno moja. Akasimama.

"Akome? Mtoto wetu akome? Amemgusa nani?"

Watu wakamvuta leso. Akaivuta ikarudi. "Niacheni! Tumetoka Bungoma alfajiri, tumekuja na heshima zetu, tunaambiwa tukome! Wafula, beba jogoo!"

Sasa nieleweni. Nimelelewa na huyu mama likizo zote. Akisema chota maji, nimeshachota. Kwa hiyo kabla akili haijafika, mikono ilikuwa imeshafika, na nikajikuta nimesimama wima mbele ya baba mkwe, hotuba kwapa moja, jogoo kwapa la pili. Kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Dirishani Achieng' alifunika uso kwa mwiko. Mwiko ule haufuniki uso, niliona kila kitu.

Mjomba alipanda juu ya kiti kumwelezea shangazi kwamba koma ni alama ya kuandika. Shangazi akauliza kwa nini alama ya kuandika inapigiwa mtu kelele. Nikiri, sikuwa na jibu.

Mzee Okoth, wala hakutikisika. Miaka 34 ya watoto wa darasa la nyuma, vurugu kwake ni hali ya hewa. Alisubiri hadi kukatulia, akaendelea kutoka pale pale.

"Sasa 'a Mr. Okoth'. Jina la mtu limeshajitosheleza, halihitaji 'a'. Ukiiweka unasema kuna jamaa mmoja hivi, eti anaitwa Okoth, mimi simfahamu. Umekuja kumwoa binti wa mtu usiyemfahamu?"

"La, Mwalimu."

"Na hapa chini nimekuwa 'the Mr. Okoth'. Yule Okoth mwenyewe, anayejulikana kote. Kati ya aya ya kwanza na ya tatu, umaarufu nimeupatia wapi?"

Jirani mmoja mzee, mwenye kofia ya manyoya, akainua fimbo kutoka nyuma. "Mwalimu, na sisi wenye watatu?"

"Wewe koma usiweke. Bila lile jina hatutajua ni mke yupi."

"Kumbe Kiingereza kinanijua," mzee akasema, akakaa ameridhika sana. Ndiye mtu pekee aliyefaidika siku ile.

Nikadhani tumemaliza. Mwalimu akageuza karatasi upande mtupu. "Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, Kisumu iliitwaje?"

"Port Florence, Mwalimu."

"Jina la nani?"

"Mke wa Preston, yule wa reli."

"Andika. Kwa Kiingereza."

Niliandika, wasomaji wangu. Nikiwa nimesimama, karatasi juu ya mgongo wa Otieno, jogoo kwapani, biro nyekundu ya baba mkwe mkononi. Preston's wife. Nikasita. Nikaweka koma. Florence.

"Kwa nini umeweka?"

"Kwa sababu alikuwa na mmoja, Mwalimu."

"Kaa."

Jogoo akawika.

Mengine hayana maana: tulikula, shangazi akala kuliko wote, tukatozwa mbuzi mmoja kwa kumwita mwenye boma jamaa fulani, na zile mia nne nilizookoa saiba hazinunui hata kwato. Hotuba nilirudishiwa njiani kuelekea garini. Nne juu ya kumi, na chini yake "Onana nami". Otieno anadai nauli yake ya kurudi, kwa hoja kwamba rafiki mwenyewe ninaye mmoja.

Achieng' alinyamaza hadi jana jioni. Tulikutana Dunga, tukaagiza samaki, akacheka kidogo, nikaona afadhali, yamepita. Akaenda kunawa mikono, simu yake kaiacha mezani. Nikampigia kwa utani, nione ameniandikaje siku hizi. Zamani nilikuwa na jina tamu lenye moyo mwekundu mbele.

Simu ikawaka: "a Mr. Wafula".